Mashine ya Mwanga na Shingo Yangu

Pii. Pii. Piiii! Ndivyo kuumbuka kwangu kulivyoanza leo, ndugu zangu: kwa mlio uliotoka nyuma ya pazia, kabla sijaona mashine wala daktari.

Nilikuwa kwenye benchi la kituo cha afya hapa Uvira, nimekaa na Tantine Furaha, mdogo wake mama. Mnajua nina ualbino, na jua la ziwani halijawahi kunihurumia. Juu ya sikio langu la kushoto kuna kidoa kikavu, kinakwaruza kama msasa. Kwa miezi nimekifunika kwa kitambaa cha kichwani, maana nilijua kikionekana kitaitiwa kisu. (Mimi ambaye hata nikikata kitunguu nageuza uso.)

Ndipo tukasikia amekuja daktari kutoka Bukavu na mashine inayomulika tu. Hakuna kukatwa. Mwanga unaingia chini ya ngozi, picha inatokea kwenye skrini, na ubaya unaonekana ungali mchanga, haujawa kansa.

"Leo utaenda," Tantine akaniambia alfajiri, tukiwa ufukweni. Yeye huuza samaki, na mitumbwi ilikuwa imeleta mikeke mingi, minene, inang'aa kama vijiko vipya. Nikamsaidia kuparua magamba. Kisha nikaoga haraka (haraka mno, kama mtakavyoona), naye akanipaka mafuta kuanzia usoni hadi kisogoni. Kwetu huendi kwa daktari na ngozi iliyopauka. Watu watauliza kama nyumbani kwenu mafuta yameisha. Niling'aa mpaka nzi waliteleza!

Zamu yangu ikafika. Daktari, kijana mpole wa sauti ya chini, akaweka kichwa cha mashine juu ya sikio langu. Pii.

"Hapa nimeona. Tutaongea. Nione na shingo kwanza."

Akashuka nyuma ya sikio. Piiii!

Daktari akaisogelea skrini.

Akamwita muuguzi. Muuguzi akamwita mwenzake. Wote watatu macho kwenye skrini, hakuna anayetazama shingo yenyewe. Nami nikachungulia. Miduara! Duara ndani ya duara, myembamba, ikimeremeta kama ziwa lililotupiwa jiwe. Ilikuwa mizuri. (Ndiyo, niliona ni mizuri. Sisi tunaoandika riwaya tunakufa huku tunatafuta tamathali.)

"Sijaona kitu kama hii tangu nizaliwe," daktari akamnong'oneza muuguzi.

Basi. Nikajua nimekwisha.

"Tantine!" nikapiga kelele. "Niko nakufa! Kitenge changu kipya, mupatie rafiki yangu Neema! Na riwaya yangu muimalizie, lakini Zawadi asiolewe na ule mwanaume wa Sange! Haiko mutu muzuri!"

"Zawadi iko nani?" daktari akauliza.

"Iko mu kitabu!"

Tantine akaingia na pazia zima mabegani. "Ye Mungu wangu! Mutoto wangu! Ju ya nini haikukuwa miye?"

Na kule nje benchi zima likaanzisha wimbo wa kuaga marehemu. Siwatanii. Waliimba. Kwa sauti nne, na besi!

Daktari akachukua pamba yenye spiriti, akanifuta shingo mara moja, akaisogeza pamba kwenye taa. Juu ya pamba palikuwa na kitu chembamba, kinachopitisha mwanga, kinang'aa.

Tantine akakata kilio katikati. Akainama. Akakinusa.

"Hii haiko ugonjwa," akasema. "Iko mukeke."

Gamba la samaki, na miduara yake yote! Limegandishwa shingoni mwangu na mafuta ya heshima!

"Ameshakufa?" mtu akauliza kutoka nje.

"Hapana!" Tantine akajibu kwa sauti ya sokoni. "Weye, nyamaza na wimbo yako! Iko gamba ya samaki!"

Kicheko kilichofuata, nadhani kilisikika mpaka Burundi.

Mimi sikucheka. Nikamshika daktari mkono. "Na sikio?"

Daktari akaiweka pamba chini.

"Sikio iko na kitu, kweli," akasema. "Ngozi imeanza kubadilika. Lakini iko juu juu, haijakuwa kansa. Umekuja mapema. Utapaka dawa, utavaa kofia pana, utarudi niangalie tena. Hatukati."

Hatukati! Sijawahi kusikia neno tamu kama hilo. Nikamkumbatia. (Pamoja na mafuta yote yale. Koti lake jeupe sasa lina ramani ya shingo yangu.)

Kwa hiyo, mwenye kidoa kama changu, aende. Ila aoge! Na tafadhali msinicheke. Igeni adabu ya daktari yule: alinisindikiza kwa heshima zote, uso mkavu kama wa padri kwenye maziko, akanitakia safari njema, na akajizuia vizuri kabisa mpaka mlango ulipofungwa nyuma yangu.