Wodi ya Sanamu Isiyo na Baraza

Isevya, Tabora

Ndugu Mkuu wa Chuo cha Wakunga,

Pokea salamu zangu, na pole na ujenzi. Mimi ni Tatu binti Mabruki, fundi cherehani mliyeniita kupima mapazia ya jengo jipya, lile ambamo wanafunzi hujifunza kuzalisha kwa sanamu. Jengo ni zuri, sikatai. Sanamu anapumua, anapepesa macho, na anajifungua bila kumtukana mtu. Lakini aliyewachorea ramani hajawahi kuuguza mtu Tabora, na nimeudhika.

1. Mlango ni mmoja, tena unafungwa kwa ndani. Shangazi yake sanamu apitishe wapi uji?

2. Hakuna baraza. Kwetu mzazi huja na mama mkwe, mawifi, na jirani aliyefuata kwa sababu aliona wengine wanakwenda. Walimu mmewajengea chumba kizima cha kuchungulia kupitia kioo, sisi ndugu hatuna hata pa kutandika mkeka.

3. Nilimuuliza mwanafunzi mmoja, Veneranda wa Urambo, mgonjwa huyu ni wa nani. Akasema hana mtu. Ndugu Mkuu, hayo ndiyo mafunzo?

4. Sanamu akifa, mwalimu anabonyeza kitufe, anafufuka. Hapana matanga, wala mtani wa kujilaza kaburini mpaka apewe chake. Kwa hiyo naomba pia uwanja wa turubai na jiko la nje.

Sisemi kwa ubishi. Mkwe wangu Kabula anatarajia mtoto wa kwanza, na Veneranda yuko kwenye mazoezi katika wodi ya kweli atakakojifungulia. Aliyezoea mzazi asiye na kwao atatuweza sisi? Naogopa sana. Basi najitolea, mimi na ukoo wangu, tuwe ndugu wa sanamu kila Jumanne. Chai juu yenu.

Nisalimie walimu, mlinzi wa getini, na sanamu mwenyewe. Mwambie sasa ana watu.

Ni mimi, mwenye futi ya kupimia na nia njema,
Tatu binti Mabruki

Nyongeza: Kabla sijaituma barua, Kabula alishikwa uchungu. Tulikwenda wote. Mtoto alitoka kimya, tukaanza kulia sisi badala yake. Wifi akaanguka mlangoni, uji ukamwagika. Veneranda akatutoa nje mmoja mmoja, akianza na mimi, akafunga mlango kwa ndani. Tulikaa tukisikiliza ukimya, kisha tukamsikia mtoto. Baraza msijenge. Mapazia nitayashona mazito, tusiweze kuchungulia.