Zawadi ya Mama Mkwe Isiitwe Gugu

Kwa Bwana Afisa wa Kudhibiti Mimea Vamizi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na mwenye nafasi ya kukaa ukaisoma, maana vijana wako walionibandikia ilani mlangoni hawakuwa na nafasi hata ya kunywa maji. Ilani inaniamuru niung'oe ule mmea wa maua ya njano uliotambaa kwenye ua wangu, niuchome, nisibakize hata kijiti. Mimi ni fundi viatu, sheria siijui sana, ila haya nayajua:

1. Mmea huu haukuvamia. Tulipokwenda kumsalimia mama mkwe, wakati wa kuaga tulikuta gunia la miche limewekwa mlangoni, kando ya mizigo yetu. Kumhoji mkwe kuhusu zawadi yake ni utovu wa adabu, kwa hiyo nilishukuru kimoyomoyo, nikalipakata kwenye basi njia nzima. Mvamizi gani hupakatwa?

2. Jirani yangu, mshona nguo, analalamika kwamba umeyanyonga maharage yake. Sipendi kumsema mtu, lakini maharage yale yalikuwa hoi siku nyingi. Tena najua ni yeye aliyenichongea kwenu.

3. Mnasema umefunika vichaka vya asili mpaka kule kijitoni. Vichaka hivyo vimekaa pale miaka nenda rudi bila kutoa ua hata moja la maana. Mwenzao katoa maua msimu wa kwanza tu, tayari mmemchukia.

4. Mama mkwe anakuja Jumamosi. Hajawahi kufika kwangu tangu nimwoe binti yake, na hata posa yangu aliikubali shingo upande. Akikuta zawadi yake imekuwa majivu, nitamtazama kwa macho gani? Naogopa, Bwana Afisa. Mnachotaka kuking'oa hapa ni ndoa yangu.

Kwa hiyo naomba ofisi yako itenge kundi maalumu la mimea ya ukweni, lisiguswe na sheria yoyote, na mshona nguo apewe shamba kwingine, mbali na familia yangu.

Nisalimie wote hapo ofisini, pamoja na yule kijana aliyebandika ilani kichwa chini.

Wako mwenye heshima zote,
Fundi Viatu

Baada ya sahihi: Nikiwa naifunga bahasha kwa gundi ya soli, mama mkwe amepiga simu. Kumbe mke wangu alimtumia picha ya ua wetu, aone tunavyoitunza zawadi. Kumbe tena gunia lile lilikuwa linasubiri kuchomwa. Mmea huo ulimmalizia shamba zima la mahindi, na tangu tuondoke amekuwa akijiuliza ni mwizi wa aina gani anayeiba magugu. Mshona nguo hana hatia. Aliyenishtaki kwenu ni mama mkwe mwenyewe, na Jumamosi anakuja na jembe lake. Nakuomba mje Ijumaa, na adhabu yangu iwe nzito kiasi cha kumridhisha.