Nilivyompaka Bwana Harusi Wino Mwekundu

Ndugu zangu makatekista wastaafu, tumsifu Yesu Kristo. Leo mwenzenu nimeaibika mbele ya koo mbili. Nawasimulia mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu, maana hapa Katandala habari haihitaji bodaboda.

Mnamjua mjukuu wangu Veneranda. Baba yake alifariki yeye akiwa bado anatambaa, tukamlea mimi na marehemu bibi yake. Sasa ni muuguzi Mbeya. Amepata mchumba, Emanuel, mwalimu wa huko Kaengesa, mtoto wa Mzee Maduhu, Wasukuma wafugaji wa kule bondeni. Kijana alipokuja kujitambulisha nilimwambia, "Nitasali kwanza." Nikasali. Nikaendelea kusali. (Mnanijua, sina haraka.) Kumbe huko bondeni ukimya wangu ulishapata tafsiri yake: mzee wa Kifipa hataki ng'ombe wala wenye ng'ombe!

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kutoa neno langu. Mvua imeharibu barabara ya kuteremka bondeni, basi binti yangu Skola, aliyeko Dodoma, akasema tukutane mtandaoni. Nikavaa koti la Jumapili, nikakaa sebuleni na kishikwambi alichoniletea Krismasi. (Suruali nayo nilivaa. Msianze.)

Wakatokea mmoja mmoja. Emanuel, "Shikamoo babu!" Veneranda, kajifunga kitenge, kainamisha macho. Mzee Maduhu na kofia yake. Ubavuni mwake mama yake, Bibi Kabula, amesogelea simu mpaka tunaona kipaji na jicho moja tu.

Skola akatuonyesha majina yetu kwenye kioo. "Wazee, guseni kalamu hapo chini, kila mtu aweke alama ya vema mbele ya jina lake."

Nikagusa. Nikaandika kwa kidole. Vema nyekundu ikatokea, na kule bondeni wakaiona! Nilifurahi kama mtoto wa darasa la kwanza. Vema ya Mzee Maduhu ikaangukia kwenye jina langu, tukacheka wote. Kikao kilianza vizuri, ndugu zangu. Vizuri kabisa.

Kisha Skola akaondoa majina, akaweka picha ya watoto wetu wawili wamesimama pamoja. Veneranda anacheka kile kicheko cha bibi yake. 

"Haya baba," akasema Skola, "tunakusikiliza."

Sasa mnajua desturi yangu. Hakuna mtoto anayetoka nyumbani kwangu bila msalaba wa dole gumba kwenye kipaji. Veneranda nilimwekea kila asubuhi akienda shule, na tangu aondoke namwekea kwenye picha ya ukutani, mpaka kioo kimeweka doa. Basi machozi yakanitoka, nikavua miwani, nikalaza kishikwambi magotini, nikamwekea Veneranda msalaba. Nikamwekea na Emanuel. Nikasali kwa sauti, sala ndefu, nikamwita kijana yule "mwanangu". 

Lahaula! Mambo mawili sikuyajua. Kwanza, katika kupapasa nilikuwa nimezima sauti yangu. Pili, ile kalamu sikuirudisha mahali pake. Na kwa kuwa kishikwambi kililala mshazari, misalaba nayo ililala mshazari. Kwa hiyo huko Dodoma, Mbeya, Kaengesa na bondeni waliona hivi: mzee kanyamaza, midomo inacheza, macho mekundu, na kwenye vipaji vya wachumba kapiga alama za kosa, moja moja, kama mwalimu anayesahihisha hesabu.

Nikavaa miwani. Nikaona wekundu usoni kwao, kwanza kwa Emanuel. Nikajua ni mchuzi wa nyanya, maana nilikuwa nimetoka kula. Nikaona aibu kumchafua mtoto wa watu. Nikalowanisha kidole kwa mate (ndiyo, kwa mate), nikasugua.

Ukazidi. Nikasugua kwa nguvu. Kipaji kikaenda. Macho yakaenda. Pua ikaenda!

"Katekista!" Mzee Maduhu alikuwa amesimama. "Kama humtaki kijana wetu si useme kwa mdomo? Mpaka umfute uso?"

"Baba, acha! Baba! Washa sauti!" Skola akapiga kelele.

Nikajieleza. Nikajieleza kwa mikono yote miwili, hakuna aliyenisikia, na Skola anasema nilionekana kama mtu anayefukuza kuku. Veneranda akajifunika uso kwa kitenge. Emanuel aliangalia chini tu. Hilo ndilo lililoniuma.

Ndipo jicho la Bibi Kabula likasogea. "Maduhu, kaa chini. Mbona mtoto wake ndiye aliyeanza kumwekea? Mtu anamkataa na mjukuu wake?"

"Mama, si unaona kosa hilo?"

"Kosa gani? Mimi nilikuwa naangalia wino wake ukitembea. Ulitoka juu ukashuka, ndiyo ukakata katikati. Padri alinifanyia hivyo hivyo siku aliyonibatiza. Huo ni msalaba."

Skola akanielekeza taratibu pa kugusa, na sauti yangu ikarudi katikati ya sentensi: "...tangu siku aliyokuja namtaja kila jioni kwenye sala, baada tu ya Veneranda! Ni mwanangu!"

Mzee Maduhu akavua kofia. "Sasa mbona muda wote huo hukutuambia?"

"Nilimwambia Mungu."

"Na sisi je, mzee mwenzangu?"

Nimesomesha katekisimu maisha yangu yote, lakini somo hilo nimelipata leo.

Skola akataka kufuta ile michoro. Emanuel akamzuia. "Shangazi, iache kwanza." Halafu akainua macho kwangu. "Babu, siku ya harusi nitainamisha kichwa mbele yako, uniwekee mwenyewe. Ila tafadhali usinipanguse."

Veneranda akashusha kitenge. Akacheka. Kile kile cha bibi yake, na safari hii hakikutoka kwenye picha. Nikamshukuru Mungu hapo hapo, kwa sauti, na wote wakaitika amina.

Basi ndugu zangu, nawaomba msinicheke. Na mkishindwa, zimeni sauti kwanza, kama mimi.