Mbao za Baba Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Mkaguzi anakuja Ijumaa. Mwalimu wa darasa la Tano B ameshakata maboksi, eti watoto wajifunze sehemu na desimali kwa mikono. Mwalimu mkuu kamsifu mbele yangu. Darasa langu bado linasema 0.10 ni kubwa kuliko 0.9. Na cheo cha mkuu wa hisabati kiko wazi! Maboksi? Mimi nitatumia mbao.

Jumanne, 5 Machi
Nimepita karakana ya shemeji, kaka wa mke wangu. Hakuwepo, yuko hospitali na baba yao. Nyuma ya mlango, mbao sita safi, zimepigwa randa, zimefunikwa shuka. Nani hufunika mbao shuka? Nimezibeba. Shemeji si mtu baki.

Jumatano, 6 Machi
Ushindi. Watoto wamekata kila ubao vipande kumi, wakaviandika 0.1 hadi 1.0 kwa wino mzito. Hata binti asiyejua nusu kashika vitatu akasema sehemu tatu kwa kumi. Tano B walichungulia. Nikafunga dirisha.
Mchana mke wangu kapiga simu. Baba yake amefariki.

Alhamisi, 7 Machi
Shemeji kaja shuleni, kasimama mlangoni akitazama vile vipande. Kumbe mzee alizichagua mbao zile mwenyewe alipoanza kuumwa, akazipiga randa kwa mikono yake. Za jeneza lake. Nikamweleza kwamba sehemu kumi kwa kumi ni nzima, hakuna kilichopotea. Hakupaza sauti.
"Vikusanye vyote, shemeji. Baba hazikwi nusu."
Tumeunga kutwa nzima. Wino hautoki hata kwa msasa. Na msumeno ulikula milimita tatu kila mkato: kila ubao umepungua sentimita 2.7. Nilimtajia. Akaendelea kupiga msasa.

Ijumaa, 8 Machi
Tumemzika. Ubavuni mwa jeneza ilisomeka 0.7, mwandiko wa mtoto. Mama mkwe alipitisha kidole juu yake, akauliza ni nini. Nikasema ni sehemu saba kwa kumi. Akaifunika kwa khanga yake.
Mkaguzi kafika nikiwa makaburini. Kapelekwa Tano B.

Jumapili, 10 Machi
Mke wangu kahamia kwa mama yake. Hakusema atarudi lini. Kachukua nguo na sufuria, kabati kaliacha. Mbao nene, kavu, milango miwili inayolingana kabisa. Nusu na nusu.
Mkaguzi atapita tena Alhamisi. Nimeazima msumeno kwa jirani.