Zuieni Makala ya Jiko Linalopiga Simu

Ndugu Mhariri,

“Nyumba iliyofundishwa kujisemea humpa mwenye nyumba uhuru wa kwenda popote.”

Maneno hayo si yangu. Ni ya mwandishi wenu anayejiita Fundi Nyaya, katika ukurasa wa Jifanyie Mwenyewe, ukurasa ambao zamani ulitufundisha kupaka viti rangi na ukaishia hapo, kwa heshima zake. Nayapinga, na ninayo haki ya kuyapinga kuliko msomaji yeyote, kwa sababu ninaishi ndani yake. Nyumba yangu imefundishwa kujisemea, mwenye nyumba ni mimi, na sijakwenda popote. Anayekwenda ni mke wangu.

Naomba nijieleze, ili nisije nikadhaniwa mtu wa kulalamika tu. Mimi ni msahihishaji wa vitabu. Kazi yangu ni kutafuta makosa ya watu wengine, nami naifanyia nyumbani, chumba cha mbele, mlango wazi. Mke wangu ni mkunga. Amechaguliwa kwenda kusoma mwaka mzima katika hospitali kubwa ya mji mwingine, nafasi aliyoiomba miaka nenda miaka rudi mpaka tukaacha kuitaja. Mimi si mume wa kumzuia mke asisome. Siku barua ilipofika nilimpongeza, kisha nikauliza swali moja tu: “Na mimi?”

Akanijibu: “Wewe utakula, utaoga, utagombana na magazeti. Ninachohofia mimi ni jiko.”

Ni kweli kwamba nikisoma husahau sufuria motoni. Lakini sufuria ni kitu cha kununuliwa dukani, wala sijaona nchi iliyoanguka kwa ajili ya maharage kuungua. Nilimwambia hivyo. Hakushawishika. Badala yake alifungua gazeti lenu, akakutana na Fundi Nyaya, akaweka sharti: “Nikiweza kulisikia jiko nikiwa mbali, nakwenda. Nisipolisikia, siendi. Sitaki kurudi nikute mume wa kukaanga.”

Hapo ndipo taabu zangu zilipoanza, nazo ni hizi:

1. Mwandishi wenu aliahidi kwamba kutengeneza kihisi ni kazi ya mapumziko ya mwisho wa juma. Kwa wasomaji waliobahatika kutokijua, kihisi ni kidude cha ukubwa wa kiberiti, chenye betri na redio ndogo, kinachonusa joto au maji au mlango uliofunguliwa, kisha kinapeleka umbea hewani bila waya. Meza yetu ya kulia imegeuka karakana. Tunakula sahani zikiwa magotini. Nimeshatoboa kiwiko kwa waya uliobaki kitini, na nilipopiga kelele niliambiwa nisitikise meza.

2. Vidude hivi havikuridhika kupeleka habari kwenye simu ya mke wangu. Fundi Nyaya akashauri viunganishwe na spika, na kwa kuwa shetani hakosi mapambo, akaongeza kwamba msomaji anaweza kurekodi sauti yake mwenyewe. Mke wangu akarekodi. Sasa, hata akiwa wodini akizalisha watoto wa watu, yumo sebuleni: “Mume wangu, tangi limejaa, funga koki.” “Mume wangu, mlango wa friji.”

Ndugu Mhariri, nilimjibu. Nilieleza kwamba mtu aliyesimama mbele ya friji yake akitafakari hawezi kuitwa mzembe. Sauti ikarudia: “Mume wangu, mlango wa friji.” Nikatoa hoja ya pili, yenye uzito kuliko ya kwanza. Ikarudia. Nimepambana na wasomi katika kurasa zenu hizi hizi, na hakuna hata mmoja aliyenirudishia hoja ile ile bila kuona haya. Shemeji yangu, dada wa mke wangu, ambaye huja kila wiki kutazama mimi na dada yake tumeishia wapi, alikuwa kochini.

“Shemeji, unabishana na spika?”

“Sibishani. Naisahihisha.”

“Basi funga friji, itanyamaza.”

Niliifunga, ikanyamaza. Huo si ushindi wa hoja, ni ubabe, na gazeti lenu ndilo lililoufunza.

3. Mnanaa uliomo kwenye chungu dirishani umepewa kihisi cha udongo. Ukikauka, unatangazwa. Mimi nimekaa na kiu mchana kutwa na sikutangazwa.

4. Lalamiko la nne nimelifuta. Mke wangu alipita nyuma ya kiti changu, akalisoma, akasema si kweli, na ni kweli si kweli. Alisoma na haya mengine, akacheka, akasema, “Peleka tu, Bwana Pingamizi.” Ndilo jina alilonipa tangu tulipooana.

5. Sasa nafika kwenye kiini, na naomba unisome polepole. Mke wangu anakusudia kuniachia sauti yake na kuondoka na vyote vilivyobaki. Fundi Nyaya anauita huo uhuru. Mimi nauliza: mtu akishalisikia jiko kutoka mbali, kesho si atasikia bati linavuja? Keshokutwa si atasikia kikohozi changu, apime mwenyewe kama ni cha baridi au cha kutaka kuhurumiwa? Na akishayajua yote hayo akiwa huko, arudi kufanya nini?

Watu hurudi nyumbani kwa sababu hawajui kinachoendelea. Huo ndio msingi wa familia, na hakuna aliyethubutu kuuandika kabla yangu. Marehemu baba yangu alirudi kila jioni maisha yake yote, wala si kwa mapenzi tu. Alirudi kwa sababu hakuwa na hakika kama tumefunga banda la kuku. Banda lile lingekuwa na kihisi, tungekua bila baba. Ondoeni wasiwasi duniani, muone. Mabaharia hawatashuka pwani, wanafunzi hawatafunga shule, wafanyakazi watazeeka ofisini wakitazama nyumba zao kwenye simu na kusema, “Aa, kuko salama.” Stendi za mabasi zitaota majani. Na serikali itamtoza nani ushuru wa barabara?

6. Mpaka leo Mungu ametuhurumia kwa jambo moja: jiko limekataa kusema. Mke wangu amekijenga kihisi cha jiko kama mlivyoelekeza, akakibomoa, akakijenga tena. Kikiwa mezani kinazungumza kama wakili. Akikifungia ndani ya kopo lake na kukitundika ukutani kando ya jiko, bubu. Ameulaumu ukuta. Ameilaumu betri. Juzi nilimkuta amesimama mbele yake na taulo begani, anakitazama kama anavyotazama mtoto aliyekaa vibaya tumboni, na nikajua kwamba mwanamke huyu hajawahi kushindwa na kitu kidogo kiasi hiki.

Hospitali inataka jibu lake. Na Fundi Nyaya ametangaza kwamba ukurasa wake wa Jumamosi utakuwa na makala iitwayo “Hitilafu na Tiba Zake”. Mke wangu anaisubiri hiyo. Mimi pia naisubiri, kama mtu anavyomsubiri dalali wa mahakama.

Kwa hiyo nadai, kwa adabu zote, makala hiyo isichapishwe. Nadai Fundi Nyaya arudishwe kwenye viti, na kama viti vimekwisha kupakwa rangi vyote, apewe meza. Nadai maduka ya vifaa vya umeme yasimuuzie mtu mwenye ndoa waya wa kulehemu bila mwenzake kuwepo na kuulizwa mara mbili mbele ya mashahidi. Nadai kila anayetangaza kifaa cha kuangalia nyumba kutoka mbali alazimishwe kueleza, kwa herufi zinazosomeka, ni nani atakayebaki ndani ya nyumba hiyo inayoangaliwa.

Na ninyi waume wenzangu mnaosoma hapa huku sauti za wake zenu zikitoka ukutani: inukeni, fungueni vidude hivyo, toeni betri. Mkiulizwa, semeni ni panya.

Nakusalimu wewe Mhariri, wapanga kurasa, mlinzi wa lango lenu aliyewahi kunipokelea barua nyingi kuliko hii, na hata Fundi Nyaya, ambaye simwombei baya lolote isipokuwa likizo ndefu.

Wako asiyechoka,
Msahihishaji, Chumba cha Mbele

Nyongeza, na hii si ya kuchapishwa:

Mke wangu amekwenda zamu, kwa hiyo naandika haraka. Barua hii naileta mwenyewe kwa mkono.

Jana, akiwa kazini, nilikishusha kile kihisi cha jiko. Sikutaka kukitengeneza, nilitaka kumjua adui. Nikakuta kimefungiwa katika kopo la bati la maziwa ya unga, limetobolewa vizuri, limefunikwa vizuri zaidi. Mwandishi wenu aliandika “chagua kopo lisiloungua”, naye akatii. Redio ndani ya bati, Ndugu Mhariri! Hata mimi, ambaye mambo ya mawimbi nimeyajua kwa kusahihisha vitabu vya shule, naelewa kwamba bati haliyapitishi. Nikakitoa, nikakitia katika kopo la plastiki la siagi, nikakining’iniza mbali kidogo na moto, nikakata mtandao kwa muda ili simu yake isipate habari, nikawasha jiko, nikasimama.

Haukupita muda spika ikasema: “Mume wangu, jiko linawaka.” Ilikuwa sauti ya mtu anayecheka kidogo. Sikujua kwamba hiyo aliirekodi akicheka.

Nikazima jiko. Kisha nikakirudisha ndani ya bati, nikafunika, nikatundika pale pale.

Leo asubuhi nilimsikia jikoni akizungumza kwa simu na dada yake. “Dada, siendi. Nitawaandikia kesho jioni, wamekataa kungoja Jumamosi.” Akasikiliza. “Hapana, hajanizuia, maskini. Yeye kelele tu. Ni jiko ndilo limekataa.” Akapangusa jiko. “Mwaka mwingine, wakitaka. Si wataniita tena?” Dada yake sijui alijibu nini. Akaja chumba cha mbele, akaniuliza kama nataka chai, nikasema ndiyo, akaniletea. Ilikuwa chai safi, sukari sawa sawa, nami nikaiacha ikapoa.

Siwezi kumwambia. Nimekwisha kuapa mbele ya shemeji kwamba kidude kile hakitasema mpaka punda aote pembe. Nikikihamishia kwenye plastiki kimyakimya atajua ni mimi, na atajua nilikuwa najua, na hapo atakwenda akiwa na hasira, nami nataka aende akiwa na furaha.

Basi futeni yote niliyoandika hapo juu, au yachapisheni mkitaka kucheka, lakini makala msingoje Jumamosi. Itoke kesho asubuhi, ukurasa wa mbele, kabla hajaenda kazini. Na wewe Fundi Nyaya, kaa chini sasa hivi uandike hivi, wala usiguse neno maana nimeshasahihisha: “Kopo la bati hukiziba kihisi mdomo. Tumia la plastiki, likae mbali na moto; waya wa kupimia joto pekee ndio usogezwe jikoni.” Sema umegundua mwenyewe.