Mgonjwa Tuliyempeleka Bomani

Leo nimeaibika. Tena si aibu ya kujikwaa mbele ya wasichana. Nimeaibika mbele ya Serikali ya Mdachi, mbele ya majumbe wa upande wetu wote, na mbele ya mtu ambaye hata kumtaja jina siwezi. Nipeni kwanza hicho kibuyu cha pombe, koo limekauka.

Haya. Shida yetu mnaijua. Dawa iko bomani, wagonjwa wako huku, na katikati kuna vilima, makorongo na fisi. Mwaka huu tumezika watu njiani. Wametoka nyumbani wanaongea, wamefika bomani maiti! Ndiyo maana majumbe walikaa baraza wakakubaliana kwenda kumwomba Bwana Mkubwa atupe mganga wa serikali akae huku kwetu, hata mmoja, hata kama ni mkali.

Mara ya kwanza walikwenda wenyewe, askari mmoja akawatafsiria kwa kubahatisha. Bwana Mkubwa akawatazama wazee wetu wamesimama wima, wamejipaka mafuta, wanang'aa. Akasema, "Mnasema watu wanaumwa. Mimi naona wazima watupu! Siku nyingine nileteeni mgonjwa nimwone kwa macho yangu. Na mkinidanganya, kiboko." Akawafukuza.

Wakarudi, wakakaa tena. Ikaamuliwa kwamba safari hii apelekwe mgonjwa wa kweli na msemaji wa kweli. Mgonjwa watamtoa wenzetu wa upande wa Gulwe, maana walikuwa naye tayari, mama mmoja mwenye jipu la kutisha mguuni. Na msemaji je? Mimi! (Nani mwingine? Nimebeba mizigo ya watu mpaka pwani nikarudi, Kiswahili changu kinateleza. Jumbe wetu Msanjila, Mungu amweke, Kiswahili chake chote ni "Ndiyo, bwana." Na yule jumbe wa Gulwe anayo hayo hayo maneno mawili, tena ameyaazima kwa Msanjila.)

Nikajiona mtu. Nikaazima kanzu ya Idi kwa huyu ndugu yetu Mrangi wa Kondoa. (Ndugu yangu, habari ya kanzu tutaongea. Tulia kwanza.)

Alfajiri tukakutana na watu wa Gulwe njia panda, tukasalimiana. "Mbukwenyi!" "Mbukwa!" Vijana wao wamebeba machela, mgonjwa kafunikwa kaniki gubigubi kwa sababu ya nzi. Nikamuuliza jumbe wao, "Mgonjwa anaendeleaje?" Akanitazama kwa namna ya ajabu, akajibu, "Yupo." Nikasema huyu mzee hajalala vizuri.

Tukaenda. Mimi mbele, kanzu inapepea. Vijana wakatua machela wapumzike, jasho linawatiririka. Nikaona niwachangamshe.

"Jamani, mgonjwa mzito huyu! Anaumwa, au amemeza ndama mzima?"

Hakuna aliyecheka. Hata mmoja! (Nikasema moyoni, washamba hawa, hawajui mzaha.) Tulipokaribia boma nikainama pale kwenye kaniki, kwa sauti ya kibwana kabisa.

"Mama, sikiliza. Tukifika mbele ya Bwana Mkubwa, ulie kwa nguvu. Ukinyamaza namna hii mganga hatumpati. Hebu jaribu kidogo nikusikie."

Kaniki ikatikisika kidogo tu.

"Au umeshakufa?"

Jumbe wa Gulwe akatema mate, akatazama mbinguni. Halafu akaniuliza polepole, "Mwanangu, huko pwani ulikokaa, watu wanasema hivi?"

"Hivi hivi, mzee! Pwani hakuna kuoneana haya."

Akatikisa kichwa. Na mimi nikaendelea na safari yangu, mpumbavu wa watu.

Bomani tukamkuta Bwana Mkubwa barazani kwake, kiko mdomoni, askari nyuma yake na kiboko mkononi. Nikasogea, nikainama, nikaanza. Jamani, nilisema! Nilisema habari za wajawazito waliofia korongoni. Nilisema habari za watoto na ndui. Nilisema sisi ni watu wake, tunatengeneza barabara yake, na maiti hawezi kushika jembe. Bwana Mkubwa akatoa kiko mdomoni. Kila nilipovuta pumzi Msanjila anadakia, "Ndiyo, bwana!" Nikaona mganga huyo, keshapatikana.

"Mgonjwa yuko wapi?"

"Huyu hapa, bwana!"

Nikashika kaniki, nikaivuta kwa mbwembwe zote, chwaa!

Macho yangu yakakutana na macho ya mama yake Nyemo.

Nyemo. Mke wangu!

(Wewe Mrangi unacheka nini? Basi nikueleze, maana hawa wenzangu ona walivyoshika vichwa. Kwetu Wagogo mkwe hatazamwi usoni. Hatajwi jina. Huli mbele yake, huongei naye. Ukimwona anakuja njiani unaingia porini, hata kama pori lina simba. Uso wa yule mama naujua tangu kabla ya posa, lakini tangu nimuoe Nyemo sikuwahi kumwona zaidi ya kisogo. Na Nyemo aliniambia, ndiyo, kwamba mama yake ana uvimbe. Uvimbe! Nani hana uvimbe?)

Yote niliyosema njiani yakanirudia masikioni. Ndama. Ulie nikusikie. Umeshakufa. Na yeye, masikini, angejibu nini? Mkwe naye haongei na mkwewe. Kalala mle ndani ya kaniki anameza matusi yangu tangu alfajiri!

Nikamrudishia kaniki usoni haraka. Nikageuka, nikampa mkwe mgongo.

"Kwa nini unamfunika?" Bwana Mkubwa akauliza.

"Nzi, bwana."

"Jina lake nani?"

"Silijui, bwana."

"Anakaa wapi?"

"Ni... ni upande ule, bwana."

"Anaumwa wapi?"

Jamani, niseme mguu wa mkwe? Mbele ya watu? Nikasema, "Anaumwa mahali, bwana."

Uso wa Bwana Mkubwa ukawa mwekundu. Akasimama. "Mmeniletea mtu msiyemjua! Mmemwokota njiani mje kunichezea! Mnanidanganya?"

"Ndiyo, bwana!" akajibu jumbe wa Gulwe, kwa heshima zote.

"Ndiyo, bwana!" akadakia Msanjila, asiachwe nyuma.

Mama yangu! Askari akakikung'uta kiboko. Nikaona wazee wazima, wenye wajukuu, wanakwenda kulazwa chini wapigwe viboko hamsa ishirini kwa ajili ya ulimi wangu. Nikaona mganga anapotea, na wale watakaobebwa mwakani wanafia korongoni kama wa mwaka huu. Nikataka kusema. Wallahi nilitaka! Mdomo ukagoma.

"Geuka!" Bwana Mkubwa akafoka. "Geuka, mfunue, nionyeshe ugonjwa!"

Askari akanishika mabega akanigeuza. Sasa, mtu aliyezoea shuka, akiona haya anavuta shuka lake anajifunika uso. Mkono wangu ukafanya kazi uliyoizoea. Ukashika nguo, ukavuta juu, nikajifunika uso gubigubi.

Ila sikuwa na shuka. Nilivaa kanzu. Na chini ya kanzu sikuvaa kitu.

Sikuona chochote, nilisikia tu. Nilisikia askari wakisema "Lahaula!" Nilisikia kiko kikidondoka sakafuni. Nilisikia upepo, jamani, mahali ambapo upepo haukuwahi kufika mbele ya serikali! Nikarudi nyuma nikimbie, macho yamo ndani ya kanzu. Mguu ukanasa kwenye mti wa machela.

Nikaketi. Puuu!

Nikaketi juu ya mguu wa mkwe wangu. Juu ya jipu lenyewe.

Likapasuka.

Yule mama alilia kilio ambacho nilimwomba tangu njiani, na zaidi. Kunguru waliruka juu ya bati la boma. Halafu kutoka ndani ya kaniki nikasikia sauti yake kwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake:

"Mwambieni aondoke! Mzito ni yeye!"

(Ndugu yangu Mrangi, kanzu yako. Nimeifua mara nyingi mtoni. Usaha haukutoka wote. Nitakulipa kuku.)

Daktari wa boma akatoka mbio na beseni. Akapiga magoti, akakamua, akaosha, akatazama sana, akajifuta jasho. Akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "Nani amepasua?"

Wote wakaninyooshea kidole. Nilikuwa nyuma ya nguzo, nimeshusha kanzu, nalia.

"Vizuri," daktari akasema. "Vibaya, lakini vizuri. Uchafu umetoka. Ungebaki ndani kidogo tu, ningekata mguu."

Bwana Mkubwa akauliza kwa nini huyu mtu ana wazimu. Askari mmoja, Mnyamwezi anayejua mila za watu, akawauliza vijana wa machela, halafu akamweleza, "Bwana, huyo mama ni mkwe wake. Hawa hawatazamani." Bwana Mkubwa akaduwaa. Akanitazama mimi, akaitazama machela, akaitazama kanzu. Halafu akacheka mpaka akashika ukuta. Sijawahi kumwona Mdachi akicheka. Heri angenipiga.

Alipotulia, daktari akamwambia kidonda kioshwe kwa dawa kila siku mpaka nyama mpya iote. Bwana Mkubwa akasema basi wamlete kila siku. Daktari akakataa. "Mbali sana. Wakimbeba kila siku atakufa njiani."

Maneno yale yale niliyoyasema mimi kwa Kiswahili cha pwani, na mikono nikirusha, daktari kayasema kwa pumzi moja. Bwana Mkubwa akaokota kiko chake, akafikiri.

"Mganga wa kuwapa sina," akasema. "Dawa ninayo." Akaninyooshea kiko. "Wewe. Unajua Kiswahili. Daktari atakufundisha leo. Utaosha vidonda vya watu wote wa upande wenu. Dawa ikiisha, utakuja kuchukua. Utaanza na huyu."

"Bwana, huyu siwezi! Wengine wote naweza, ila huyu..."

"Mnataka dawa, au hamtaki?"

"Ndiyo, bwana!" wazee wakaitikia kwa pamoja, na safari hii yalikuwa maneno sahihi kabisa.

Nikafundishwa kwenye mguu wa askari mwenye kidonda. (Aliniomba nimwonee huruma. Askari!) Nikakabidhiwa beseni, vitambaa na kisanduku cha dawa. Tukaanza safari ya kurudi, mimi nyuma kabisa, machela mbele kabisa.

Njiani nikamshika jumbe wa Gulwe. "Mzee, kwa nini hukuniambia ni nani yule?"

"Tulijua unajua."

"Nijue, halafu nimuulize kama amemeza ndama?"

"Ulisema pwani hakuna kuoneana haya. Tukasema labda huko mkwe hutaniwa."

Nikakaa chini barabarani. Wallahi nilikaa chini, wakaja kuninyanyua.

Wazee wakafanya baraza huku wanatembea. Kwa kumkalia mkwe, natoa mbuzi, hilo halikuwa na mjadala. Kwa kumkalia mbele ya serikali, mbuzi wa pili. Lakini kumwosha mkwe kidonda kila asubuhi, mila yake haipo. Walitafuta mpaka wakachoka. Mmoja akasema nioshe nimefumba macho. Lakini daktari alishaonya kwamba kidonda lazima nikitazame vizuri. Mwishowe Msanjila akatoa hukumu: litundikwe jamvi mlangoni mwa tembe, mguu utoke chini ya jamvi, mama abaki ndani. "Miguu yote inafanana," akaniambia. "Jidanganye ni wa mtu mwingine."

Nikafika nyumbani, habari imeshatangulia. Nyemo kasimama mlangoni na mwiko mkononi. Nikajua leo napigwa.

"Mama yangu ndiye uliyemuuliza kama amemeza ndama?"

Nikautazama mwiko.

"Na umemkalia?"

Nikautazama zaidi.

Akacheka mpaka mwiko ukamponyoka. Halafu nikaona machozi, na si ya kicheko. Akakaa kizingitini. "Nilijua hatarudi," akasema. "Asubuhi, wewe umeshaondoka, nikasikia wamemchukua, nikaanza kulia matanga." Akanishika mkono, huu hapa. "Kaoshe huo mguu, mume wangu. Hata kama ni kwa jamvi, kaoshe." Mimi nikaona haya kuliko haya zote za leo, nikaja huku kwenu.

Basi dawa tumepata, jamani. Mganga pia tumepata, ndiye huyu. Kesho jua likichomoza mtaniona napita na beseni kuelekea kwa wakwe, nimeinamisha kichwa. Nisalimieni, niacheni nipite, msiulize kitu. Na atakayethubutu kucheka, acheke taratibu. Siku akiota jipu la makalio, ataletwa kwangu.