Ombi la Kusitisha Undugu kwa Sababu ya Kivinjari

Kasongo, nyuma ya soko, Alhamisi asubuhi

Kwa Yaya Consolée, dada yangu mkubwa, wa tumbo moja na ziwa moja,
Kabambare

Kuhusu: kumzuia mwanao Ruphin asiendelee kuwa mpwa wangu

Yaya mpendwa na mheshimiwa,

Kwanza nakujulia hali, wewe na wote wa nyumbani, pamoja na shamba lako la mihogo, ambalo nimesikia ngedere wamelionea huruma mwaka huu. Sisi huku hatujambo. Jeannette mke wangu hajambo. Kwa kweli hajambo kupita kiasi, na hilo ni sehemu ya malalamiko yangu, kama utakavyoona.

Unanijua mimi si mtu wa kushtaki. Nimefundisha jiografia maisha yangu yote, na sikumshtaki hata yule mwanafunzi aliyeupeleka mto wetu wa Lualaba Ulaya kwenye mtihani. Nilimrudishia mto wake kwa upole tukaendelea. Lakini hili nililofanyiwa na mwanao limenizidi kimo.

Ili uelewe, lazima nikueleze kivinjari ni nini. Unajua nina kompyuta sebuleni, inayokula umeme wa jua. Ukitaka kuingia mtandaoni, kuna programu ya kukufungulia njia. Hiyo ndiyo iitwayo kivinjari, na vijana wa hapa wanaiita kwa Kifaransa, navigateur. Viko vya aina nyingi. Changu kilikuwa cha adabu: ukurasa mweupe, mstari mmoja wa kuandikia unachotafuta, mshale wa kurudi nyuma, basi. Hakikuwa na swali wala maoni. Jirani akija na shida yake, mimi huvaa miwani, huketi, huandika, naye husubiri kimya nyuma ya bega langu. Tangu nistaafu, hicho ndicho kiti pekee kilichonibakia ambacho watu walinikuta nimekikalia kwa kazi.

Sasa malalamiko yenyewe, kwa mpangilio.

1. Kukamatwa kwa kivinjari. Wewe unajua kuliko mimi kwamba kwetu mtoto wa dada akifika kwa mjomba ana haki ya kukamata kuku bila kuomba, na kazi ya mjomba ni kucheka. Siipingi mila. Ruphin alifika kutoka Salamabila, pikipiki na mtu, wote rangi moja ya vumbi, akazunguka uani, hakuona kuku. Hatufugi tena, Jeannette anasema wanamfukulia maua. Mpwa mwingine angekunywa maji akaenda zake. Mwanao aliingia sebuleni, akatazama huku na huku, akasema: “Mujomba, kuku haiko, basi nitakamata hii.” Akakaa kwenye kiti changu, akakiondoa kivinjari changu, akaweka kingine. Nami, Yaya, nilicheka. Mila inataka nicheke. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, na haikuwa furaha.

2. Kivinjari kipya kina maswali mengi kuliko baba wa binti anayeposwa. Unataka rangi gani? Kurasa zikae juu au ubavuni? Vitufe viwe vikubwa au vidogo? Asubuhi ukikifungua ungependa uone nini kwanza? Kila kitu ndani yake kinaweza kubadilishwa, na kila kinachoweza kubadilishwa, Yaya, kitabadilishwa na mtu fulani wakati wewe umetoka kidogo kwenda msalani. Katika kazi yangu yote hakuna ramani iliyowahi kuniuliza nataka bahari iwe ya rangi gani. Ilikuwa ya buluu, nasi tukaendelea na somo.

3. Jeannette. Kivinjari hiki humpa kila mtu chumba chake. Unabonyeza jina lako, unakuta mambo yako kama ulivyoyapanga mwenyewe. Chumba cha mke wangu ni cha kijani, na ubavuni ameweka vitufe: nyimbo za kwaya, bei ya mchele Kindu, mishono ya vitambaa vya meza, na kimoja ambacho hataki kuniambia ni cha nini. Siku nilipokisogeza hicho kidogo tu, kwa nia njema, aliniambia: “Isidore, hii iko sawa na jiko yangu. Nani alikutuma kupanga sufuria?” Yaya, tumevumiliana na huyu mwanamke katika njaa na katika vita. Hatujawahi kugombania kitufe.

4. Radjabu, fundi cherehani, jirani yangu wa ukuta. Macho yake yamechoka kwa kutunga uzi, kwa hiyo kila jioni alikuwa akija nimsomee habari. Ruphin akamtengenezea chumba chenye herufi kubwa kama viatu, nyeupe juu ya weusi. Sasa Radjabu anajisomea. Anasoma kwa sauti, silabi kwa silabi, na anadai nimsikilize. Habari ambayo mimi ningeimaliza kabla chai haijapoa, yeye anaikokota mpaka adhana ya magharibi inamkatiza, na kesho yake anaanza upya ili tusipoteze maana. Juzi amenigonga bega: “Mwalimu, usilale, bado sijafika pa utamu.” Sasa mimi ndiye ninayesomewa, katika nyumba yangu, habari ninazozijua.

5. Kahindo, mama muuza samaki wakavu, yule aliyetoka upande wa Butembo na sasa huenda kununua samaki wake Nyangwe, kando ya mto. Watoto wake wamebaki huko kwao. Mimi ndiye niliyekuwa namtafutia barua zao mtandaoni na kumwandikia majibu, na kukiwa na habari njema tulifurahi wote wawili. Wiki hii alipiga hodi, nami nikaanza kuvaa miwani. Akasema: “Mwalimu, ukae tu, usisimame. Nitajifanyia.” Akabonyeza kitufe kimoja chenye picha ya samaki, barua za wanawe zikafunguka zote. Akasoma, akacheka peke yake, akanishukuru, akaenda. Sijui alinishukuru kwa lipi. Nilikuwa nimekaa tu upande wa pili na miwani mkononi. Kwa kuwa wewe ulinibeba mgongoni, nitakuambia waziwazi: iliniuma. Sebule yangu haijawahi kupitiwa na watu wengi hivi, na sijawahi kuwa mpweke hivi.

6. Kiti changu sasa kina mto. Sijui ni nani aliyeuweka.

Usidhani sikujaribu njia za amani. Kwanza niliomba vivinjari vyote viwili vikae pamoja. Lakini kompyuta ni mzee kama mimi, ikibebeshwa viwili inaganda, na ndani yake mnavuma kama mashine ya kusaga mihogo. Ikabidi tuchague kimoja. Nikaitisha mkutano sebuleni, nikasimama, nikatoa hotuba. Nilisema kitu cha wengi kiwe rahisi, ili aliyefika leo na aliyefika zamani wakione sawasawa. Nilisema mtu akizoea kila kitu kimfuate yeye, siku atakapokwenda kwa wengine atashindwa hata kufungua mlango. Nilisema uhuru wa kuchagua rangi si uhuru, ni kazi ya ziada. Ilikuwa hotuba nzuri, na nadhani hata wewe ungeguswa. Walinipigia makofi, kisha tukapiga kura, nikapata kura moja. Aliyeipiga namjua.

Utaniuliza pia kwa nini nisinunue kuku, mwanao akija akamate huyo aniachie kompyuta yangu. Nilinunua jogoo. Jeannette akasema jogoo huyo anawika kama mlevi, akampika Jumapili. Alikuwa mtamu, nikakosa moyo wa kulalamika.

Basi nikafanya nilivyowafundisha wanafunzi: nikaufuata mto mpaka chemchemi yake. Kivinjari kimeondolewa na Ruphin. Ruphin sikuweza kumzuia kwa sababu ni mpwa wangu. Ni mpwa wangu kwa sababu ni mwanao, na wewe ni dada yangu. Kukuomba usiwe mama yake ni ukatili, na mimi si mtu wa namna hiyo. Inabaki kamba moja tu inayoweza kulegezwa bila kumwumiza mtu, nayo ni ile iliyotufunga wewe na mimi.

Kwa hiyo, kwa heshima zote, naomba tusitishe undugu wetu kwa muda. Ruphin amesema atarudi Kasongo baada ya mavuno ya mpunga. Tukiusitisha kabla hajawasha pikipiki, atafika hapa kama mgeni wa kawaida. Atapewa kiti cha plastiki, atapewa maji na maneno mazuri, na kompyuta hataigusa. Akiigusa, nitakasirika kihalali, jambo ambalo nimelitamani sana. Nitarudisha kivinjari changu, majirani watarudi kusubiri nyuma ya bega langu, na Ruphin akishaondoka tutaurudisha undugu pale ulipokuwa, hakuna aliyepungukiwa.

Ili mambo yasiharibike katikati, nimefikiria masharti. Kwa muda huo nitakuita Madamu Consolée, nawe utaniita Mwalimu, bila lile jina la utotoni, ambalo nakuomba usilitaje hata baada ya kurudiana. Kaburi la mama tutaendelea kulipalilia, ila wewe upande wa kichwa na mimi upande wa miguu, na mazungumzo yawe ya hali ya hewa tu. Ikitokea mmoja wetu amefariki kabla undugu haujarudishwa, Mungu aepushe, mwingine aje msibani kama jirani: akae karibu na mlango, ale katika sahani za mwisho, alie kwa kiasi. Wazee wakiuliza imekuwaje, tuwajibu kwamba mama alituzaa siku tofauti. Hilo ni kweli, na hakuna atakayeweza kulipinga.

Najua hakuna mtu, kutoka hapa hadi Kabambare, aliyewahi kuleta ombi kama hili. Lakini pia hakuna mjomba mwingine aliyewahi kukamatiwa kivinjari. Waliotuwekea mila walihesabu kuku, wakahesabu mbuzi, wakadhani wamemaliza.

Uamuzi wako nitaupokea kwa mikono miwili, hata ukiwa mkali. Unisalimie shemeji na mguu wake unaomsumbua, wajukuu wote, waliozaliwa na walio njiani, mama wa jirani anayekuletea chumvi, padri wenu, imamu wenu, na yeyote atakayeuliza kama mwalimu yule bado yuko hai. Ruphin naye umsalimie, lakini kwa ubaridi kidogo.

Mimi, ambaye mpaka utakapojibu bado ni mdogo wako,

Mwalimu Isidore

Nyongeza. Yaya, bahasha nilikwisha kuifunga, nimeifungua tena. Leo nilianza kujizoeza kutokuwa ndugu yako, nione kama nitaweza. Nilishindwa kabla ya chai. Jeannette akanicheka, akaniuliza kwa nini nachukia kivinjari ambacho hata chumba changu ndani yake sijakiingia. Ni kweli, kulikuwa na jina langu pale tangu siku ya kwanza, nami niliapa kutolibonyeza. Akalibonyeza yeye.

Yaya, kilikuwa cheupe. Mstari mmoja, mshale wa kurudi nyuma, basi. Kumbe hicho kivinjari cha maswali kinaweza pia kuambiwa kinyamaze, na Ruphin, wakati mimi nacheka kwa meno, alikuwa anakiambia. Pembeni kabisa ameacha kitufe kimoja, kimeandikwa Yaya. Nikakibonyeza, ikatoka sauti yako, aliyoirekodi huko uani kwako, na mchi unatwanga nyuma: “Isidore, uko muzima? Mbona haukuji? Macho yangu imeanza kukataa, maandishi inanikimbia. Ruphin ananisomeaka mbio mbio, sisikii kitu. Kuja basi unisomee wewe, wewe unasomaka polepole.”

Nimelia, wala si kwa kiasi kile cha jirani. Naomba yote niliyoyaandika kutoka namba moja yafutwe, na undugu usisitishwe hata kwa muda wa kuvuta pumzi. Kesho napanda pikipiki, nakuja Kabambare. Karatasi hii siwezi kuitupa, nimeijaza pande zote mbili, basi nitakuja nayo nikusomee mwenyewe, polepole kama unavyopenda. Nitaanzia kwenye salamu za shemeji na mguu wake.